Jesca wa Kwenye Picha

Jumapili ile watu wa Misigiri waliingia kwenye banda la video la Kefa kuangalia mateke, wakatoka wanagombana kuhusu kikombe cha kahawa.

Lawama ziende kwa yule muuza flashi wa Singida mjini, aliyemwapia Kefa kwamba ndani mna picha nane za kareti, mpya kabisa, hata Dodoma hazijafika. Kefa akaamini, maana mtu mwenye banda huamini anachotaka kuamini. Saa tisa alasiri mabenchi yalikuwa yamejaa, mlango umeegeshwa, na kilichotokea kwenye runinga kilikuwa picha ya zamani isiyo na rangi. Mzungu wa koti refu na kofia alikuwa anatembea kwenye mvua, peke yake, hana haraka. Hata jina picha haikuwa nalo. Faili lilikuwa na namba tupu. Vijana wa mbele wakaanza kupiga miluzi. Mtu mwingine angerudisha viingilio akaomba radhi, lakini Kefa alishika maiki, akakohoa, akasema hiyo ndiyo picha yenyewe, na atakayetoka asije kesho kuomba asimuliwe. Hakutoka mtu.

Picha kwa Kefa hazikuwa zimetafsiriwa na watu wa Dar es Salaam. Alizitafsiri mwenyewe, papo hapo, amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya spika. Kiingereza chake kilikuwa cha kidato cha pili, kikaongezewa miaka mitano ya kuosha vyombo kwenye hoteli ya watalii Arusha, na pale kilipopungua alijazia kwa mdomo wake, ambao haukuwahi kupungua. Tena alikuwa na desturi yake moja: wahusika wote aliwapa majina ya watu wa kijijini. Alisema huwezi kumhurumia mtu ambaye jina lake huwezi kulitamka. Watu walipenda. Mtu akiitwa kwenye picha alitembea kifua mbele wiki nzima, hata kama alikuwa jambazi na alipigwa risasi dakika ya kumi.

Basi yule mzungu wa kofia, ambaye alikuwa mpelelezi, akaitwa Afande Benson, kwa sababu Mwalimu Benson wa sekondari alikuwa amekaa benchi la pili na kofia yake kichwani. Ndani ya picha mlikuwa na tajiri mmoja, na mshirika wake, mwenye tumbo na saa ya mnyororo, akawa Zefania, kama yule Zefania wa bucha. Halafu akatokea mwanamke, mke wa tajiri, amebeba sinia lenye kikombe kimoja. Wakati huohuo, nje ya dirisha la banda, alipita shemeji yake Kefa amebeba chupa ya chai.

"Na huyu ndiye Jesca," alisema Kefa kwenye maiki. "Anampelekea mzee kahawa."

Banda zima likacheka. Jesca alikuwa mdogo wake Dina, mke wa Kefa. Aliishi kwao, na mbele ya banda hilohilo, chini ya kipande cha bati, alikuwa na meza yake ya chai, maandazi na wali maharage. Kila mtu aliyekuwa ndani alikuwa amekula kwa Jesca. Na utani wa shemeji ni haki ya mtu, hata wazee hawauingilii.

Kwenye picha, tajiri alikunywa kahawa yake mchana, akajilaza kwenye kochi, akafa. Daktari wa picha alitikisa kichwa. Zefania wa picha alionekana anachoma makaratasi. Jesca wa picha alilia mara moja tu, tena akiwa peke yake, na Afande Benson, badala ya kupeleleza, akaanza kumpenda. Saa moja na nusu ilipita hivyo, mvua na kofia na milango inayofungwa. Mwishoni kabisa Afande anakwenda nyumbani kwa mwanamke. Anamwuliza kama alimuua mumewe. Mwanamke hajibu. Anammiminia kahawa, anakwenda kusimama dirishani. Afande anakitazama kikombe, anakiinua, na kabla hujajua kama amekunywa au hakunywa, picha inakwisha.

Sasa ule mwisho ulikuwa kimya. Dakika nzima hakuna anayesema neno. Na Kefa aliogopa kimya kuliko alivyoogopa kukatika kwa umeme, kwa sababu mtafsiri akinyamaza watu husema Kiingereza kimemwishia. Akaijaza ile dakika. Mwanamke akiwa bado dirishani, Kefa alilegeza sauti, akaiweka ya kike:

"Jesca anasema moyoni: kunywa, baba. Mwenzio alikunywa akalala."

Watu walipiga makofi. Hakuna aliyewaza lolote kwa wakati ule, hata Kefa mwenyewe. Lakini Misigiri nzima ilijua kwamba Jesca ni mjane. Miaka minne nyuma mume wake, Peniel, alirudi mchana kutoka shamba la alizeti, akanywa chai, akajilaza, na kabla jua halijapinda alikuwa amekufa. Karatasi ya hospitali ilisema moyo. Watu waliisoma karatasi wakaikunja, wakanong'ona kidogo, wakaacha, maana msimu wa kuvuna ulikuwa umefika na kazi ni nyingi. Kefa alilijua hilo vizuri. Ila mdomo wake ulitangulia, na akili ikafika baadaye, kama kawaida yao wawili hao.

Kufikia Jumatatu asubuhi kijiji kilikuwa na pande mbili. Upande mmoja ulisema ameua. Upande wa pili ulisema hajaua. Waliobishana bombani walichelewesha maji, na waliobishana mashineni walisahau unga wao. Hata wale ambao hawakuiona picha walichagua upande, tena ndio waliobisha kwa nguvu zaidi.

Mwalimu Benson aliongoza upande wa hajaua. Alikuwa na sababu zake, alizihesabu kwa vidole: hatukuona sumu, hatukuona mkono ukitia kitu, na mtu hahukumiwi kwa kutolia mbele za watu. Wenzake walimwambia anatetea kwa sababu yeye ndiye Afande na amependa. Zefania wa bucha naye, aliyekuwa mshukiwa wa pili kwenye picha, alikasirika kweli kweli. Alisimama mbele ya bucha na kisu mkononi akieleza kwamba makaratasi yalikuwa ya biashara, mtu anaruhusiwa kuchoma makaratasi yake, na kama Zefania hakuua basi aliyebaki ni mmoja tu. Kwa hiyo Zefania alijiunga na upande wa ameua, ili ajisafishe.

Lakini kiongozi wa upande huo hakuwa Zefania. Alikuwa Anastazia, mke wa Christopher, mwenyekiti wa akina mama kanisani. Yeye alikuwa jirani wa Peniel na Jesca enzi zile wakiishi upande wa juu wa kijiji, ukuta kwa ukuta. Watu wakimbishia alisema neno moja tu, polepole, "Mimi nilikuwa jirani." Kisha alicheka kidogo na kuongeza kwamba anazungumzia picha.

Na hapo ndipo penye ubaya wa jambo lenyewe. Maneno ambayo watu waliyameza miaka minne sasa yalikuwa na pa kupitia. Mtu aliweza kusema "Jesca ameua" kwa sauti kubwa, barabarani, mchana, mbele ya watoto. Akitazamwa vibaya anashangaa: kwani vipi, si yule wa kwenye picha?

Jesca alisikia lile neno bombani Jumatatu hiyohiyo, akacheka na wengine. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mchapakazi, asiye na maneno mengi, na aliijua sheria: shemeji hakasiriki akitaniwa.

Jumanne Zefania alikuja kunywa chai na madereva watatu wa malori yaendayo Nzega. Jesca akamimina, akasogeza kikombe. Zefania akakirudisha kwa kidole.

"Onja kwanza, mama," alisema. "Nasikia wenzetu walikunywa wakalala."

Madereva walikuwa wageni, hawakujua kitu, ila walicheka kwa sababu Zefania alicheka. Jesca akachukua kikombe, akapiga funda, akakijaza tena, akamrudishia. Zefania alikunywa yote, akashukuru, akaondoka anapangusa mdomo. Kama mzaha ungeishia hapo, usingekuwa na neno. Lakini mzaha mzuri haukai kwa mtu mmoja. Jumatano wa kwanza aliyekaa alisema onja, na wa pili naye, na wa tatu, ambaye hakuwa na wasiwasi wowote, naye alisema onja ili asionekane mjinga peke yake. Kufikia saa tatu Jesca alikuwa amepiga mafunda kumi na moja ya chai ya watu. Tumbo lilikuwa limemjaa na alikuwa bado anatabasamu.

Alhamisi mzaha uliisha, na afadhali usingeisha. Watu hawakusema tena onja. Walipita. Walisalimia vizuri kabisa, za asubuhi, mama, za hapa, wakaenda kununua soda na mkate kwenye duka la ng'ambo ya barabara. Wengine walikaa wakaagiza mayai ya kuchemsha, ambayo huja na maganda yake. Sufuria ya maharage ilirudi nyumbani imejaa, na ile familia ikala maharage mchana na usiku na kesho yake asubuhi. Jesca aliyapasha moto bila kusema kitu, na Kefa aliyala yote aliyopakuliwa, maana hakuwa na uso wa kukataa.

Mchana wa siku hiyo Anastazia alikuja mwenyewe mezani. Hakukaa. Jesca alimwamkia, shikamoo dada, naye akaitikia marahaba kwa upole mwingi. Ilikuwa imepangwa zamani kwamba Jumamosi, wageni wa kanisa wakija kutoka Kiomboi, Jesca ndiye atawapikia chai. Anastazia alieleza kwamba akina mama wamekaa, wamezungumza, wameona apumzike. Atapika mwingine, kwa sasa.

"Nimefanya nini, dada?" aliuliza Jesca.

"Hujafanya kitu, mdogo wangu," alisema Anastazia. "Wageni ni wageni. Hatutaki maneno."

Jesca alisema sawa. Anastazia alipoondoka, Jesca aliendelea kupangusa meza ambayo ilikuwa imekauka na haina hata tone. Alijisikia uchi, na uchungu wake mkubwa ulikuwa kwamba hakuna aliyemtukana. Angetukanwa angejibu. Ile meza ndiyo iliyomfanya, tangu afiwe, asiwe mzigo kwa dada yake, na sasa aliiona inamtoka hivihivi, kwa salamu nzuri.

Dina hakuwa na upole wa mdogo wake. Jioni hiyo alimsubiri mumewe amalize kunawa, akamsemesha kwanza kwa Kinyiramba, ambacho alikitumia kwa mambo ya kuumiza, kisha akarudi kwenye Kiswahili ili mtoto wa jirani aliyekuja kuomba moto naye asikie.

"Yale maneno ya mwenzio alikunywa akalala, yalikuwa kwenye picha?"

Kefa alisema picha ni ngumu kueleza, kuna mambo ya maana ya ndani.

"Nimekuuliza yalikuwepo au hayakuwepo."

"Hayakuwepo," alisema Kefa.

"Huyo mama alisema nini?"

"Hakusema kitu. Alikuwa kimya."

Dina alimpenda mume wake, alimchagua mwenyewe kwa ajili ya mdomo huohuo, na sasa alitamani kuushona kwa uzi wa gunia. Alimwambia kwamba mtu wa watu alinyamaza, yeye akamtia maneno, maneno yenyewe akayatoa kwenye msiba wa nyumba yake. Kefa alijitetea kwamba ni utani wa shemeji. Dina akasema utani una mipaka yake, na mpaka ni pale mwenzako anaposhindwa kula. Jesca alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachambua mchele wa kesho ambao huenda usiliwe. Hakuinua kichwa. Kefa alimgeukia.

"Shemeji, nimekosa," alisema. "Nitalirekebisha."

"Usilirekebishe kwenye maiki, shemeji," alisema Jesca.

Hilo ndilo lilikuwa ombi lake pekee, na Kefa hakulisikia. Ijumaa, kabla ya mpira, banda likiwa limejaa, alishika maiki akatangaza kwa sauti ya kiserikali kwamba wananchi wote wanafahamishwa kuwa Jesca wa kwenye picha siye Jesca huyu wa hapa nje, na kwamba Jesca wa hapa nje hajawahi kumuua mtu. Banda likapasuka kwa kicheko. Mmoja akauliza kwa nini basi anatetewa. Mwingine akasema hata Afande Benson alimtetea hivyohivyo, na angalia kikombe kilivyoishia. Jesca alisikia kila kitu kutoka mezani kwake, maana spika ya Kefa ilisikika mpaka njia panda. Alifunga meza kabla ya jua kuzama, siku ya kwanza kufanya hivyo tangu aifungue.

Aliyetoa shauri la maana alikuwa Mwalimu Benson. Alikuja Jumamosi kunywa chai, akanywa bila mzaha wowote, vikombe viwili, akala na wali, na alipomaliza alimwita Kefa pembeni. Alisema yeye anajua Kiingereza, na tangu Jumapili iliyopita alijua kwamba mwanamke yule hakusema kitu. Hakusahihisha kwa sababu watu walikuwa wanafurahi. Hilo lilimsumbua. Alishauri picha irudiwe kesho, Kefa atumie majina yaleyale ya Kizungu yaliyomo, na mwisho ukifika anyamaze, watu waone wenyewe kwamba hakuna kilichosemwa.

"Ninyamaze dakika nzima?" aliuliza Kefa.

"Dakika nzima."

Kefa alisema watamtupia viatu. Mwalimu akasema viatu ni vyepesi.

Jumapili watu walijaa kupita mara ya kwanza. Waliokuwa hawajaiona walitaka kuamua, na walioiona walitaka kushinda. Waliokosa benchi walisimama nyuma, na madirishani palikuwa na vichwa. Anastazia, ambaye kwa kawaida hakukanyaga kwenye banda la video, alikuja na kitenge cha kanisani, akapewa nafasi benchi la tatu karibu na Mwalimu. Zefania alikaa mbele, mikono kifuani, kama mtu aliyeitwa mahakamani. Jesca alifunika sufuria zake akaingia naye, akasimama ukutani kando ya Dina. Watu waligeuka kumtazama, wakageuka tena mbele.

Kefa alijitahidi. Alimwita mwanamke kwa jina lake la Kizungu, akajaribu mara mbili, likamvunjikia mdomoni. Watu walilalamika. Kila alipolitaja, banda zima lilimsahihisha: "Jesca." Alipotokea na sinia walipiga kelele wenyewe, bila kungoja tafsiri, "Jesca huyo, na kahawa yake." Mtu mmoja nyuma alimwambia Kefa aache kuficha. Saa nzima ikapita hivyo, na kila walipoita jina, Dina aliuhisi mkono wa mdogo wake unakaza kwenye mkono wake.

Ukafika mwisho. Afande akaingia, akavua kofia, akauliza swali lake, na Kefa akalitafsiri vizuri: anamwuliza, ulimuua mume wako? Mwanamke akamimina kahawa. Akaenda dirishani. Kefa akaweka maiki mapajani na kufunga mdomo, jasho linamtoka.

Haikufika nusu dakika. "Tafsiri," alisema mtu. "Tafsiri, Kefa, kwani Kiingereza kimekwisha?" Wengine wakaanza lile neno wenyewe, kwa pamoja, wanacheka, kunywa, baba, mwenzio alikunywa akalala. Anastazia alikuwa hacheki, anatazama mbele. Jesca aliuachia mkono wa dada yake, akapita kati ya magoti ya watu mpaka kwenye kiti cha plastiki, akachukua maiki mapajani kwa shemeji yake. Kefa alisimama akampisha.

"Huyu mama hasemi kitu," alisema Jesca. Sauti yake kwenye spika ilikuwa ngeni kwa watu. Walizoea kumsikia akiuliza kama ni chai kavu au ya maziwa. "Jumapili iliyopita shemeji alimsemea. Leo nitamsemea mimi, kwa sababu jina ni langu."

Kicheko kilififia, kikabaki cha mmoja, naye akanyamaza.

"Anakumbuka mchana mmoja," alisema Jesca, macho yake kwenye picha. "Mume wake ametoka shamba. Wamekunywa chai wote wawili, kutoka chupa moja. Mume anasema kifua kinambana. Anatokwa jasho, anashindwa kukaa. Huyu mama anatoka mbio kwenda kwa jirani, kwa sababu jirani wana pikipiki, na anaiona, imesimama uani. Anagonga mlango. Anaita. Haitiki mtu. Anarudi kumwangalia mume wake, anakimbia tena, anagonga tena. Nilikwenda mara tatu. Mara ya tatu niligonga na dirisha. Niliporudi alikuwa hanijibu."

Kwenye runinga Afande aliinua kikombe, na picha ikakwisha. Hakuna aliyesema ameua, wala aliyesema hajaua. Jesca alikuwa hajawahi kumweleza mtu habari za ule mlango, hata Dina. Lakini watu wa upande wa juu waliijua nyumba ya Peniel, na walijua ni jirani yupi aliyekuwa na pikipiki siku hizo, na mmoja baada ya mwingine waliangalia chini ili wasiangalie benchi la tatu.

Anastazia alisimama. Mwalimu Benson alikunja miguu ili apite, akidhani anatoka. Hakutoka. Alishika benchi la mbele yake kwa mikono miwili.

"Tulikuwepo," alisema.

Alisema polepole, lakini hakuna aliyelazimika kusogea ili asikie. Alisema yeye na Christopher walikuwa ndani siku ile, wamejipumzisha. Peniel alikuwa anaiazima ile pikipiki kila wiki, leo sokoni, kesho mashineni, anairudisha haina mafuta, na wao walikuwa wamechoka lakini wanaona haya kumwambia. Waliposikia hodi walijua ni ileile habari ya kuazima.

"Nikamwambia Christopher, nyamaza, watachoka wataondoka," alisema Anastazia. "Mara ya pili tukanyamaza tena. Tuliona tukifungua sasa, itabidi tueleze kwa nini hatukufungua mwanzo. Baadaye nikasikia kilio. Miaka yote hii nimetaka iwe ni chai iliyomuua. Nimeomba mpaka kanisani iwe ni chai."

Zefania, aliyekuwa mbele, alishusha mikono yake kutoka kifuani na hakujua pa kuiweka. Dina alikuwa amekwisha kujitoa ukutani, na kwa uso aliokuwa nao watu walimpisha njia ya kwenda benchi la tatu. Kefa alimshika kiuno, akamzuia, na safari hii hakumwambia kitu. Wote walimngoja Jesca. Walitegemea atukane, au alie, na hakuna ambaye angemlaumu.

Jesca aliketi kwenye kile kiti. Maiki ilikuwa bado iko mkononi mwake.

"Kwa hiyo mlinisikia," alisema.

"Tulikusikia."

"Mara zote tatu?"

"Zote."

Jesca alivuta pumzi, ikasikika kwenye spika, mpaka nje kwa waliokuwa madirishani.

"Mimi nilijua hamkuwepo, au mmelala," alisema. "Miaka minne najiambia niligonga kwa haya. Najiambia, mwanamke gani mume wake anakufa, halafu anagonga mlango wa watu kwa adabu. Ningegonga kwa nguvu wangeamka."

Anastazia alikuwa analia sasa, bila kujifunika uso. Alitikisa kichwa.

"Uligonga kwa nguvu, mdogo wangu," alisema. "Uligonga sana."